Nani akae kwenye bodi ya shule ya mahitaji maalumu: kutafuta wajumbe, kuwahakiki na kuandika wasifu wao

Bodi ya shule ya viziwi inaweza kuwa na mchungaji, diwani, mfanyabiashara na mwalimu mstaafu, wote watu wa heshima zao, ikamaliza kipindi kizima bila mjumbe hata mmoja anayeweza kumuuliza mtoto wa shule hiyo kama jana usiku alilala vizuri. Mtoto anaeleza kwa mikono. Mgeni anatabasamu, anampapasa kichwa, anapita. Kisha taarifa inaandikwa kwamba wajumbe walitembelea mabweni na kuzungumza na wanafunzi.

Mwongozo huu ni wa walimu wakuu, wenyeviti na wazazi wa Uganda wanaokaribia kuunda bodi mpya au kujaza viti vilivyo wazi. Tunachosisitiza ni hiki: anzeni na maamuzi ambayo bodi italazimika kuyafanya kuhusu watoto walioko shuleni, ndipo mtafute watu wenye ujuzi wa kuyafanya. Bodi nyingi huanza na majina yanayojulikana mjini, halafu ujuzi unatafutwa baadaye, pesa zikiwa zimeshatumika.

Sheria imewapa nafasi gani

Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaweka kamati ya usimamizi kwa shule za msingi na bodi kwa shule za baada ya msingi. Hapa tunaziita zote bodi. Katika shule inayosaidiwa na serikali, mwalimu mkuu hachagui wajumbe, yeye ni katibu tu. Shirika mwanzilishi, ambalo mara nyingi ni kanisa au jumuiya ya Waislamu, lina viti vyake. Serikali ya mtaa ina vyake, na wazazi, walimu na waliowahi kusoma hapo nao wana vyao. Idadi kamili imeandikwa kwenye majedwali ya sheria. Ombeni nakala kwa Ofisa Elimu wa Wilaya na msome wenyewe, msitegemee kumbukumbu ya bodi iliyopita. Kwa shule binafsi, fuateni katiba ya shule iliyosajiliwa. Kama katiba haisemi lolote kuhusu sifa za wajumbe, irekebisheni kabla ya uteuzi.

Wengi wakisikia kwamba viti vina wenyewe huona hakuna la kufanya ila kungoja majina. Lipo la kufanya, nalo ni barua. Anayeteua hajui shule inahitaji nani, kwa hiyo anamteua anayemfahamu. Mkimwandikia miezi minne au mitano kabla ya kipindi kuisha, mkieleza aina ya mtu mnayemhitaji, mara nyingi atashukuru kwa kupunguziwa kazi. Barua isitaje jina la mtu, kwa sababu hapo itaonekana kama njama. Itaje ujuzi: “Kati ya wajumbe mtakaowateua, tunaomba mmoja awe muuguzi au mtaalamu wa tiba ya viungo aliye kazini, na mmoja awe mtu asiyeona aliyesoma kwa nukta nundu.” (Nukta nundu ni braille, maandishi yanayosomwa kwa vidole.) Nakala iende kwa Ofisa Elimu na kwa mkaguzi wa shule. Ombi likishasomwa na watu watatu, ni vigumu kulisahau.

Karatasi ya kwanza: watoto

Chukueni karatasi ya manila, muibandike ukutani ofisini. Upande wa kushoto andikeni watoto kwa idadi, bila majina: wangapi ni viziwi kabisa, wangapi wanasikia kidogo, wangapi hawaoni, wangapi wana uoni hafifu, wangapi wana ualbino, wangapi wana mtindio wa ubongo, usonji, ulemavu wa akili, kifafa, mgongo wazi, wangapi wanatumia kiti cha magurudumu. Mtoto mwenye hali mbili ahesabiwe mara mbili, na pembeni muandike kwamba ni yuleyule. Andikeni pia wanaolala bweni ni wangapi, na wangapi hubaki shuleni likizo kwa kuwa nyumbani hakufikiki au hakuna anayewachukua. Kundi hili la mwisho husahaulika, na ndilo linaloishi miezi mingi ya mwaka mikononi mwa bodi.

Msishangae karatasi ikionyesha shule tofauti na ile ya kwenye kibao cha getini. Shule iliyoanzishwa kwa ajili ya wasioona inaweza leo kuwa na watoto wengi wenye ulemavu wa akili, huku wajumbe wakichaguliwa kana kwamba bado ni shule ya wasioona.

Upande wa kulia andikeni maamuzi makubwa ya miaka mitatu ijayo. Msiandike maneno mapana kama “fedha” au “taaluma”. Andikeni hivi: kununua mashine mbili za nukta nundu, kujenga choo kinachoingilika kwa kiti cha magurudumu, kuamua nani anatunza dawa za kifafa usiku, kuajiri mkalimani wa lugha ya alama, kuwasajili watahiniwa wa darasa la saba. Mbele ya kila uamuzi andikeni ni mtu mwenye ujuzi gani angegundua kosa kabla halijafanyika. Safu hiyo ya tatu ndiyo orodha ya wasifu mnaoutafuta.

Mweka hazina asiyeijua nukta nundu

Ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida ukigeuzwa nukta nundu huwa kurasa mbili hadi tatu, kwenye karatasi nene yenye bei yake. Mtihani wa majaribio wa kurasa 6 unakuwa kurasa 12 hadi 18. Kwa watahiniwa 30, hizo ni kurasa 360 hadi 540, kwa somo moja, mara moja. Mhasibu mzuri aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye shule za kawaida akiona hesabu hiyo ataamini karatasi zinaibwa. Ataikata nusu kwa nia njema kabisa, na watoto watafanya mazoezi kwa kusomewa kwa sauti. Mtoto aliyezoea kusomewa huingia kwenye mtihani wa taifa vidole vyake vikiwa vizito, na dakika 45 ambazo Baraza la Mitihani (UNEB) humwongezea mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu zinaisha akiwa bado anatafuta swali lilipo.

Shule ya wanaosikia kidogo nayo ina hesabu yake. Betri ndogo ya kifaa cha kusikia hudumu wiki moja hadi mbili. Watoto 20 wenye vifaa masikio yote mawili wanahitaji betri 40 kila mnapobadilisha. Muhula wa wiki 12 unataka betri 240 mkibadilisha kila baada ya wiki mbili, na 480 mkibadilisha kila wiki. Bodi iliyopewa vifaa bure na mfadhili ikasahau betri itakuta, mwezi wa pili, vifaa vimefungwa kwenye droo ya mwalimu.

Kwa hiyo msitafute “mtu wa fedha” tu. Tafuteni mhasibu aliyewahi kusimamia hesabu za hospitali, kliniki, au mradi wa watu wenye ulemavu, aliyezoea vitu vinavyokwisha na kununuliwa tena. Akikosekana, mchukueni mhasibu yeyote mwaminifu na mumpe siku mbili shuleni kabla ya kikao cha kwanza cha bajeti: siku ya kwanza akae na mwalimu wa nukta nundu au wa lugha ya alama, siku ya pili akae stoo.

Waliopita njia hiyo wenyewe

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kila bodi ya shule ya mahitaji maalumu iwe na watu wazima wenye ulemavu wa aina ileile wanayoihudumia, na wasipungue wawili. Mjumbe mmoja peke yake hugeuka “mwakilishi wa walemavu”: anaulizwa maswali ya ulemavu tu, anapigwa picha, na akipinga jambo anapingana na meza nzima. Wakiwa wawili wanaweza hata kutofautiana wao kwa wao, na hapo wengine ndipo wanapoelewa kwamba viziwi si mtu mmoja.

Mahali pa kuwatafuta panajulikana. Anzeni na kiti cha waliosoma hapo. Waliomaliza wengine leo ni walimu, mafundi cherehani, wafanyabiashara, watumishi wa wilaya. Mabaraza ya gombolola na wilaya yana madiwani wawili wanaowakilisha watu wenye ulemavu, na angalau mmoja wao lazima awe mwanamke, kwa hiyo serikali ya mtaa inapoteua inaweza kuombwa imtume mmoja wao. Umoja wa watu wenye ulemavu, NUDIPU, uliopo tangu 1987, una vyama wanachama, na vyama vya viziwi na vya wasioona vina watu wake wilayani. Waulizeni wao pia, msiishie kwa yule mmoja anayealikwa kwenye kila sherehe.

Kwa shule ya watoto wenye ulemavu wa akili, wengi husema hilo haliwezekani, wakaishia kwa wazazi tu. Inawezekana, ila kwa utaratibu wake: kijana aliyemaliza anakaa na mtu anayemwamini, anapewa ajenda mbili badala ya kumi, kwa picha na maneno mafupi, na anaulizwa mambo anayoyajua kuliko wote mezani: chakula, bweni, nani anapiga, nani anawacheka watoto. Majibu yake yaandikwe kwenye kumbukumbu kama ya mjumbe mwingine yeyote.

Kuhusu kupiga: marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalipiga marufuku viboko shuleni. Mjumbe anayesema hadharani kwamba watoto “wa namna hii” hawaelewi bila fimbo hafai, hata akiwa amejenga bwalo zima kwa pesa yake.

Wazazi, na umbali wao

Shule hizi ni chache, kwa hiyo wazazi wanatoka mbali. Mzazi wa Koboko ana mtoto Soroti. Wa Kisoro ana mtoto Kampala. Mikutano ikiitwa katikati ya muhula, kiti cha wazazi kitakaliwa na anayeishi karibu na shule, ambaye mara nyingi mtoto wake halali bweni. Pangeni uchaguzi na vikao siku ya kufungua au kufunga shule, wazazi wakiwa wamekuja kuleta au kuchukua watoto. Bajeti ibebe nauli ya mzazi mjumbe, na ilipwe siku hiyohiyo. Ukimwambia mama aliyekopa nauli kwamba atarudishiwa wiki ijayo, kikao kingine hatakuja.

Kwenye shule zilizo karibu na makazi ya wakimbizi, kama Nakivale au Kyangwali, mzazi aliyetoka Kongo naye ana haki ya kusikika, na hapo lugha ya kikao ina uzito. Anayezungumza Kiswahili vizuri anaweza kukaa kimya saa tatu kwa sababu kikao kimeendeshwa kwa Kiingereza na Runyankole. Arua au Busia, ambako meza moja ina lugha nne za nyumbani, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watu. Kikao kiendeshwe kwa lugha inayoeleweka na wengi, na kumbukumbu ziandikwe kwa Kiingereza baadaye kama wilaya inazitaka hivyo.

Muuguzi, mjenzi na mtu wa ulinzi wa mtoto

Tafuteni mtu wa afya aliye kazini, asiwe tu aliyestaafu zamani. Katika shule yenye watoto wa kifafa anajua kwamba dawa haikatwi ghafla, kwamba kuishiwa kwa siku tatu kunaweza kuleta degedege lisilokoma, na kwa hiyo akiba ya dawa ni suala la bodi, haliachiwi matroni. Katika shule yenye watoto wa mgongo wazi anajua kwamba mtoto asiyehisi makalio hupata vidonda akikaa muda mrefu bila kuinuliwa, na kwamba mipira ya mkojo inataka maji safi, sabuni na mahali pa faragha. Wanaojenga choo bila kumuuliza hujenga kizuri chenye mlango usiofungika.

Mhandisi au fundi mkuu anahitajika kwa hesabu rahisi ambazo hukosewa kila mahali. Njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu inataka uwiano wa moja kwa kumi na mbili. Baraza lenye kimo cha sentimita 45 linahitaji mteremko wa mita 5.4. Fundi akiambiwa tu “weka njia ya kiti” ataweka ya mita mbili, na mtoto akijaribu kupanda peke yake kiti kinaanguka kinyumenyume. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, na ndani ya choo kiwepo kipenyo cha mita moja na nusu ili kiti kigeuke.

Mtu huyuhuyu atazame mabweni. Tarehe 25 Oktoba 2022 moto uliwaka usiku kwenye bweni la shule ya wasioona ya Salama, Mukono, na watu 11 walikufa. Bodi iliyo makini huuliza maswali yanayotokana na ulemavu wenyewe. Viziwi hawasikii kengele: nani yuko macho usiku wa kuwaamsha, na je, kuna taa inayomulika? Wasioona wanafuata nini hadi nje moshi ukijaa: kamba, reli ya ukutani, mpangilio wa vitanda usiobadilishwa bila kuwaambia? Watoto wa viti vya magurudumu wanalala chini au ghorofani? Milango inafunguka kwa nje? Madirisha yenye nondo yana moja angalau linaloweza kufunguliwa na aliye ndani bila ufunguo? Zoezi la kutoka lifanyike usiku, kila muhula, na mjumbe mmoja awepo na saa mkononi.

Kwa ulinzi wa mtoto, mtafuteni wakili, ofisa ustawi wa jamii au polisi wa dawati la familia na watoto. Watoto wasioweza kusema, au ambao wakisema hawaeleweki, ndio walio hatarini zaidi kudhulumiwa, na mdhalimu huwa anajua hivyo. Mjumbe huyu ahakikishe kuna njia ya kulalamika isiyopitia kwa mwalimu mkuu, na namba ya Sauti, simu ya msaada kwa watoto, 116, imebandikwa kwa maandishi, kwa picha na kwa nukta nundu. Mtoto kiziwi hawezi kupiga simu, kwa hiyo lazima awepo mtu mzima anayejua lugha ya alama, asiye mwajiriwa wa shule, anayefika kwa siku zinazojulikana.

Mwalimu wa elimu maalumu hapatikani kwa shida sana. Chuo Kikuu cha Kyambogo kimefundisha wengi. Mwenye shahada ya kufundisha viziwi anayeombwa kukaa kwenye bodi ya shule ya watoto wenye usonji aulizwe kama anaijua kazi ya huko. Elimu maalumu ina matawi, na cheti kimoja hakifungui milango yote.

Kuhakiki kabla ya kupokea

Jina likishaletwa, msiwaonee aibu wakubwa. Kila mjumbe, hata askofu msaidizi au shehe, alete nakala ya kitambulisho cha taifa, barua ya mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1) anakoishi, hati ya mwenendo mwema kutoka polisi, na majina ya watu wawili wanaomfahamu kikazi. Kwa kuwa ni kwa wote, hakuna anayetukanwa.

Wapigieni simu hao wawili. Barua za sifa huandikwa na mhusika mwenyewe na kutiwa saini na rafiki. Sauti ni ngumu kuitunga. Kama mtu amewahi kufanya kazi na watoto, mpigieni pia mkuu wa mahali pa mwisho alipofanya kazi, hata kama hakumtaja, na mumuulize swali moja: “Ungemrudisha?” Kisha nyamazeni. Anayesema ndiyo husema mara moja. Anayeanza na “kwa kweli ni mtu mchapakazi...” amewapa kitu cha kufuatilia. Wapo waliohamishwa kimyakimya baada ya kumgusa mtoto, faili likabaki safi. Simu hii huwapata baadhi yao.

Halafu fomu ya maslahi, ukurasa mmoja: una biashara gani, ndugu zako wa karibu wana biashara gani, nani wa familia yako ameajiriwa hapa, umewahi kuiuzia shule hii kitu? Kuwa na duka la saruji si kosa. Kosa ni bodi kuligundua duka hilo kwenye stakabadhi.

Tatizo linalotokea zaidi ni mwenyekiti mwenye jina kubwa asiyehudhuria. Anakuja kuapishwa na kwenye mahafali, na kila jambo linamngoja yeye asaini. Kabla ya uteuzi, mpeni tarehe za vikao vya mwaka mzima na aweke saini kwamba anaziweza. Akisema mumjulishe wakati ukifika, ameshajibu. Mwombeni awe mlezi wa shule, na kiti apewe mwenye muda.

Kuandika wasifu

Wasifu wa wajumbe ubandikwe ubaoni, uwekwe kwenye mtandao wa shule kama upo, na usomwe kwenye mkutano mkuu wa wazazi. Maneno 70 hadi 100 yanatosha. Tuliouzoea uko hivi: “Ni mcha Mungu, mpenda maendeleo, mwenye uzoefu mkubwa na moyo wa kuwasaidia wasiojiweza.” Mzazi akimaliza kusoma hajui amwendee mtu huyu kwa jambo gani, na neno “wasiojiweza” limeshamwambia mtoto wake anaonekanaje machoni pa bodi.

Huu unafaa zaidi:

“Mweka hazina. Mhasibu wa hospitali ya misheni kwa miaka 14; hukagua hesabu za dawa kila mwezi. Ni mzazi wa mwanafunzi wa shule hii. Yuko kwenye kamati ya fedha na ya majengo. Anazungumza Kilugbara, Kiswahili na Kiingereza. Lugha ya alama bado anajifunza. Kaka yake anauza vifaa vya ujenzi mjini, kwa hiyo hashiriki uamuzi wa manunuzi ya ujenzi. Alichaguliwa na wazazi; kipindi chake kinaisha Desemba 2027. Mwaka uliopita alihudhuria vikao 4 kati ya 4.”

Mahudhurio na maslahi yaandikwe hata kama yanauma. Lugha nazo zitajwe, maana mzazi anatafuta mtu wa kuongea naye. Kwa mjumbe mwenye ulemavu, kuutaja au kutoutaja ni uamuzi wake, na aandike sentensi hiyo mwenyewe. Kwa mjumbe mzazi, neno “mzazi” linatosha: ulemavu wa mtoto, darasa lake na jina lake visiwekwe hadharani, kwa kuwa mtoto hakuombwa ruhusa. Toeni nakala ya nukta nundu, nakala ya herufi kubwa za ukubwa wa 18, na kwa viziwi video fupi ya simu ambamo kila mjumbe anajitambulisha kwa lugha ya alama, hata kama ni kwa kufundishwa ishara tano tu. Mtoto akiliona jina la ishara la mjumbe, siku akimkuta uwanjani atamwita.

Meza iwe ya wote

Mjumbe kiziwi bila mkalimani ni jina kwenye orodha. Kikao cha zaidi ya saa moja kinataka wakalimani wawili wanaopokezana kila dakika 20 hadi 30, kwa sababu mkono ukichoka maana inaanza kupotea na hakuna anayeona isipokuwa kiziwi mwenyewe. Mwalimu wa shule asiwe mkalimani siku bodi inapojadili walimu. Mahali kama Busia, msichukue mkalimani wa ng’ambo ya mpaka kwa kuwa yuko karibu: lugha ya alama ya Kenya na ya Uganda ni mbili tofauti. Na mkimpata wa Uganda, mumuulize mapema kama anaweza kukalimani kutoka Kiswahili, kwani wengi wamefundishwa kutoka Kiingereza.

Mjumbe asiyeona apate nyaraka siku saba kabla, kwa nukta nundu au kwa faili ambalo simu yake inaweza kulisoma. Picha ya karatasi iliyotumwa kwa WhatsApp simu mara nyingi haiisomi vizuri. Anayekuja na msindikizaji alipiwe nauli mbili. Gharama hizi ziwe na mstari wake kwenye bajeti ya bodi, zisichotwe kwenye posho za wajumbe wengine, maana hapo ndipo chuki inapoanza.

Kalenda

Kwa kipindi kinachoisha Desemba, karatasi ya manila ijazwe mwanzoni mwa muhula wa pili. Barua kwa wanaoteua ziende mwishoni mwa Julai. Wazazi wachague siku ya kufungua muhula wa tatu, wakiwa wamesomewa karatasi hiyo kwanza. Uhakiki ufanyike Septemba na Oktoba. Hati ya polisi huchukua muda, na wengine itawabidi wasafiri. Novemba wajumbe wapya wakae kikao kimoja kama wasikilizaji pamoja na wanaoondoka, na kila anayeondoka amkabidhi mrithi wake faili na jambo moja ambalo halijaisha. Siku hiyohiyo, kabla ya chai, wapya wapitie mahali watoto wanapolala, kula na kuoga: wakae kwenye kitanda, wale sahani ya bwaloni, wafungue bomba. Karatasi ya manila ibaki ukutani, na kila mwanzo wa muhula katibu asahihishe idadi za upande wa kushoto kwa kalamu nyekundu.